Masanduku ya Baba na Godoro la Form One

Enzi zetu, nyinyi mliokua kabla simu haijajua kuimba mtanielewa, spika haikuwekwa mezani. Ilining'inizwa darini kama mzinga wa nyuki, kwa sababu hakuna mtoto Kitale nzima aliyeweza kuona kile kitumbo cha katikati ya spika asikibonyeze kwa kidole mpaka kizame. Mimi nilizamisha viwili. Nilichapwa na sikujuta.

Basi Baba akaamua kutengeneza masanduku ya spika ya kuning'iniza juu. Alikuwa fundi wa mbao, wa milango na majeneza, na mkono ukishazoea kitu umezoea: yalitoka kama majeneza ya mapacha. Alipiga randa mbao za saiprasi mpaka maranda yakatufika magotini. Mimi ndiye niliyeshika msumari katikati huku yeye akizungusha penseli kwa kamba achore duara. Duara la kwanza lilitoka kama yai.

"Nekesa, umehema," akaniambia. Yaani pumzi yangu ndiyo iliyopinda penseli yake.

Mbele alifunika kwa kitambaa alichokata kwenye pazia la Mama. Akatoboa dari akatafuta mbao za paa, kisha akayaning'iniza kwa nyororo za ng'ombe. Jirani mmoja aliingia, akatazama juu, akavua kofia.

Shida ikawa sauti. Waimbaji walikuwa kama wametumbukia kisimani. Baba akaenda Bungoma kumuuliza fundi wa redio, akarudi na jibu: ndani ya sanduku lazima uweke sponji. Na kwetu sponji nzuri ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye godoro langu jipya la Form One. Lilikuwa limeviringishwa ndani ya nailoni yake nyuma ya kochi, linangoja Jumatatu. Mama alifuga kuku mwaka mzima kwa ajili ya hilo godoro. Barua ya shule ilikuwa wazi kabisa: msichana asiye na godoro arudi kwao.

Nilimkuta Baba amelipigia magoti, kisu mkononi.

"Ni upande wa miguu tu," akasema. "Si wewe ni mfupi."

"Na shuleni?"

"Ati watalifunua? Sema sasa, unataka muziki ama unataka kulala?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne na akili ya kuku. Nikasema muziki. Akakata vipande viwili vya mraba, akaviringisha godoro tena vizuri kama mtu mwenye heshima zake.

Na ule muziki, bana. Jumapili baada ya kanisa magitaa yalishuka kutoka darini yakatukalia mabegani. Vikombe vilitetemeka kabatini. Baba alicheza na suti yake, majirani wa ploti wakajaa mlangoni, na mimi nikasahau kama kuna shule duniani. Ndipo Mama akaenda kufunga mizigo yangu, akalikuta godoro lina mashimo mawili upande wa miguu.

Hakuuliza ni nani. Alipanda meza na bisibisi, mbele ya wageni, akaanza kufungua sanduku la kwanza huku linaimba.

"Mama Nekesa, ngoja wimbo uishe," Baba akasema.

"Huu wimbo unaimbiwa ndani ya masomo ya mtoto wangu. Shika hii parafujo."

Akaishika. Mama alishona vipande kwa uzi wa gunia mpaka vidole vikamtoka damu. Kesho yake, huko bwenini karibu na Kimilili, matroni alilifunua, akatazama yale makovu mawili, akaniuliza godoro langu lilipasuliwa hospitali gani. Lakini nikaingia. Nililala juu ya harufu ya vanishi ya yale masanduku miaka minne, na miaka hiyo minne nyumbani waimbaji walibaki kisimani. Baba hakugusa sponji ya mtu.

Siku niliyomaliza Form Four niliteremka na godoro kichwani. Baba akatoka nje, akalitazama lenyewe kwanza kabla yangu.

"Limemaliza shule?" akauliza, taratibu, kama anayeposa.

Nikamletea kisu mwenyewe. Mama ndiye aliyechagua kanda ya kwanza.

Sasa mimi nina watoto watatu, mdogo bado ananyonya, na hao wawili wakubwa pamoja na baba yao wana vidude masikioni kutoka asubuhi. Naita watu kwa chakula kama mnadi wa ng'ombe sokoni Kachibora. Ati kila mtu ana muziki wake. Hawajui kugombania kanda, hawajui kungojana wimbo uishe, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka kusikia. Nyumba yangu imenyamaza kabisa, na ndiyo maana wananisikia mimi tu nikifoka.