Maji ya Kisima na Papaini ya Ummulkheir

Ummulkheir aliuza mishikaki Kisauni miaka ishirini, na nyama yake ililainika kwa papai bichi. Kuhusu papai, usibishane naye, utaaibika bure. Ndiyo maana alipoajiriwa Changamwe, kwenye karakana inayotoa papaini, ile protini ya utomvu wa papai inayolainisha nyama, hakudumu kwenye kuosha chupa. Mwaka wa pili usafishaji wote wa utomvu ukawa mikononi mwake.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unayeyusha majini unga wa kemikali uitwao polima na chumvi ya fosfeti, unatia utomvu, unatikisa, kisha unaacha. Maji hujigawa matabaka mawili. Papaini hupanda juu, taka hushuka chini, nawe unachota la juu.

Ijumaa moja hayakugawanyika. Mtungi mzima ulibaki mweupe kama tui. Ronny, msimamizi aliyekuja na digrii yake kutoka Kisumu, alipima upya polima, akapima chumvi, akachoka.

"Mama, njia hii imetushinda. Mnunuzi anafika saa tisa. Tukikosa leo naiacha, na wewe utarudi kwenye chupa."

Neno hilo lilimchoma Ummulkheir. Chupa, baada ya yote!

"Maji umeyatoa wapi?" akauliza.

"Mfereji umekauka. Nimenunua ya mkokoteni. Muuzaji ameapa ni matamu."

Ummulkheir alichovya kidole kwenye pipa la maji, akaonja, akatema.

"Wallahi umeuziwa kisima! Maji haya yana chokaa. Mwanamke wa Kisauni hapikii maji kabla hajayaonja, bwana."

Ronny alijishika kichwa. Chokaa ikikutana na fosfeti hufanya ukungu mweupe; hilo alilisoma chuoni, akafaulu mtihani, lakini mbele ya pipa hakulikumbuka.

Utomvu ulibaki nusu ndoo. Ummulkheir aliagiza kwa jirani madumu mawili ya maji ya mfereji yaliyowekwa akiba, akayaonja, akachanganya upya bila haraka. Baada ya nusu saa matabaka mawili yalisimama, safi kabisa. Mnunuzi alipofika, tone la tabaka la juu lilitiwa kwenye maziwa ya uvuguvugu, kupima nguvu ya papaini. Yakaganda kabla hajamaliza kusalimia.

Jumatatu Ronny alibandika ukutani utaratibu mpya. Mstari wa kwanza ulisema: Maji yaonjwe na Bi Ummulkheir.

"Na siku nisipokuja?"

"Siku hiyo," Ronny akasema, "nitaosha chupa."