Woga Una Vidole Vingapi

Tangu Mwishehe aniache akaenda kuoa Mbweni, miaka kumi na mmoja sasa, nilikuwa situpi kitu. Ndoo zilizopasuka, mifuniko isiyo na masufuria, chupa kumi na nne za chai zisizo na vioo ndani, vyote nilivirundika chumba cha binti yangu Nusaiba hapa Tandika mpaka kitanda kikapotea. Yeye alinitupa mie. Mie nisingetupa hata kifuniko.

Kisha Nusaiba akapata mimba. Kwetu, mimba ya kwanza binti hujifungulia kwa mama yake, akakandwa mpaka arobaini iishe. Akasimama mlangoni, tumbo mbele.

"Mama, mtoto nitamlaza wapi, ndani ya ndoo? Baba kasema niende Mbweni. Mama mdogo ana chumba kitupu."

Yule mwanamke kanichukulia mume, sasa anikandie na mwanangu! Siku ileile nikamwendea Editha, mshauri wa zahanati anayesaidia wenye woga kama wangu.

Alipokuja, hakugusa kitu.

"Mikono itakuwa yako, mama. Shika kimoja, uniambie unaogopa nini ukikitoa."

Nikashika chupa ya chai. "Kesho nitaihitaji."

"Mara ya mwisho ilitiwa chai lini?"

"Kabla ya talaka."

"Haya, woga una vidole vingapi? Kumi ndiyo woga wote."

Nikainua vitano vya mkono mtupu. Uongo, woga wangu ulikuwa kumi. Nikanyoosha na mkono wa pili, chupa ikaniponyoka, ikabingirika hadi uani.

"Usiifuate," Editha akasema. "Tukae tuone."

Tukakaa. Vidole kumi. Vinane. Jasho linanitoka. Kuku akaingiza kichwa ndani ya chupa, akakitoa kwa hasira. Sita. Nikaanza kucheka. Vitatu! Sikufa, nyumba haikuanguka, na chai yenyewe sikuitaka.

Ya pili niliitoa mwenyewe. Ya tano niliirusha kwa vigelegele, majirani wakadhani Nusaiba kajifungua. Lakini Jumanne moja nililia juu ya kifuniko kimoja saa nzima.

"Hiki ni kifuniko," Editha akauliza, "au ni Mwishehe?"

Nikacheka na machozi yangu, nikakitoa.

Wiki ya saba kitanda kikaonekana. Nusaiba akajitupa juu yake chali, akaagiza uji. Nikampigia baba yake.

"Mwambie mkeo chumba chake apangishe."

"Mbona unacheka? Una nini wewe?"

"Nina kitanda," nikasema, nikakata simu, nikaenda kukoroga uji.