Kilima cha Kwenye Kompyuta ya Mama

Juzi niliingia steshenari moja hapa Iringa kutoa kopi. Kwenye kompyuta yao kulikuwa na picha ya kilima cha majani mabichi na anga ya bluu, nikasahau hata nilichofuata.

Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa akichapa barua za ofisi moja Rujewa. Walileta kompyuta mpya yenye mfumo mwingine, wakampa wiki moja awe ameijua, la sivyo kazi basi. Hakuweza. Jumamosi mchana tulimfuata ofisini, dada yangu Neema akaibadilisha ifanane na ile ya zamani: kilima kile kile, kitufe cha kijani kona ya chini, kila kitu mahali Mama alipopazoea. Nakumbuka harufu ya pumba kutoka mashine ya kukoboa mpunga. Mama akabofya, akacheka.

"Hee, imerudi."

Mimi nilidhani kompyuta ilikuwa inaumwa, sasa imepona.

Bosi akaingia, akamkuta anachapa. "Mama Neema, kumbe umeshaijua."

Mama akaendelea kuchapa. Nikajibu mimi, kwa furaha kabisa: "Dada ameifanya kama ya zamani, ndiyo maana Mama anaiweza."

Bosi hakugomba. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa na wakubwa wake. Jumatatu Mama alirudi nyumbani mapema, amebeba kikombe chake cha chai cha ofisini.

Labda wangejua tu hata bila mimi. Najiambia hivyo, wala hainisaidii. Mama aliuza maandazi mpaka alipofariki, na siku zote alikunywa chai kwenye kikombe kile.