Bi Soli na Kopo la Gundi

Jumanne ya tarehe tisa, saa tatu asubuhi, mambo yanamwendea mrama Bi Soli, fundi viatu. Anafungua kopo la gundi, ileile aliyoinusa miaka kumi na mmoja bila hata kupiga chafya. Matapishi yanamjia. Ndoo iko mbali. Kiatu cha mteja kiko karibu.

"Heee! Kiatu cha bwana harusi!" anapiga ukelele shangazi mmoja, mshona mabegi wa meza ya pili.

"Si ataoa pekupeku," anajibu Bi Soli, akijifuta mdomo.

Wanacheka mpaka machozi. Kisha shangazi anamkazia macho. "Wewe siku hizi unasinzia na nyundo mkononi. Chooni huishi kwenda. Na matiti?"

"Yananiuma hata nikivaa blauzi. Lakini nilipima, shangazi. Hamna kitu."

Kumbe alipima wiki iliyopita, siku zake zikiwa bado hazijafika, tena mchana, baada ya kunywa jagi zima la maji ili mkojo upatikane. Angejuaje? Maelezo ya pakiti ya kipimo yameandikwa kwa lugha ya wenyewe, na wakubwa wa afya hawajaona sababu ya kumwandikia fundi viatu kwa lugha yake.

Zahanatini, muuguzi anacheka naye. "Ulikuwa na haraka, dada. Ngoja siku zako zipite tarehe, ndiyo upime, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kipimo kikikataa na siku bado hazijaja, rudia baada ya wiki."

Siku za Bi Soli zilikuwa zimeshapita tarehe. Kesho yake asubuhi, mistari miwili. Mumewe, fundi baiskeli, anakigeuzageuza kile kijiti.

"Huu wa pili si mkwaruzo?"

"Mkwaruzo wewe!"

Wamemngoja mtoto huyu miaka sita.

Sasa shughuli ni hewa. Muuguzi amemkataza kuvuta mvuke wa gundi, na madirisha ya banda lao yamepigwa misumari na uongozi wa soko ili kutundika bango la matangazo. Bi Soli amemwendea mkuu wa soko mara tatu.

"Ameniambia nisubiri kikao. Nikamwambia, mheshimiwa, tumbo hili halijui kusubiri," anamsimulia shangazi.

Kwa sasa anashona tu, ameketi mlangoni; gundi anapaka mumewe jioni. Anataka kumaliza miezi yake akiwa kazini, dirisha likiwa wazi.

Hicho kikao ni lini?