Nimeambiwa nikae, na nimekaa

Leo nimenyang'anywa ugomvi mbele ya watu, na furaha yangu haijaisha!

Nilikuwa Musoma, kwenye mkutano wa watafiti vijana wa kanda wanaochunguza vijidudu vya kwenye udongo na miamba.

Binti mmoja wa Butiama alikuwa anawasilisha utafiti wake wa kwanza, kuhusu udongo wa chumvi ambao ng'ombe huulamba.

Profesa mgeni kutoka ng'ambo akamkatiza: "Maeneo haya ya kuchukua udongo uliyachaguaje? Bila mpangilio, utafiti wako hausimami."



Mnanijua. Nikasimama, hotuba nzima ya ukoloni wa elimu iko mdomoni.

Binti akanigeukia: "Mzee, naomba ukae. Swali ni langu."

Nikakaa!

Akamgeukia profesa: "Nilifuata ng'ombe, kiangazi na masika. Walipolamba, nikachukua udongo. Pembeni kidogo, wasipogusa, nikachukua mwingine wa kulinganisha."

"Sasa mbona ulikuwa unaficha kitu kizuri hivyo?" profesa akacheka. "Endelea, endelea!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mimi nikapiga kelele kuliko wote.

Haya, ninyi mnaosema sijui kunyamaza, njooni hapa mrudie!