Beseni la Simu Mlangoni

Msiniulize picha za harusi ya leo. Sina hata moja.

Shangazi kakaa mlangoni na beseni: "Simu humu. Leo tunacheza kama zamani."

Tulinuna, lakini tukazitia.

Mama yangu kaacha kucheza harusini tangu mtu alipomrikodi kichwa wazi, video ikazunguka magrupu yote. Huwa anakaa tu na buibui lake mpaka pilau ije.

Leo ngoma ya kidumbak ilipoanza, akamuuliza shangazi, "Simu zote zimo?"

"Zote, wifi."

Akavua buibui, akajifunga kanga kiunoni, akaingia kati.

Wee! Nlikuwa nshasahau kama anajua kucheza hivi.

Nikapiga vigelegele.

Na hapo hapo, nakwambieni kweli, mkono wangu ukaingia mkobani kutafuta simu nimrikodi.