Humo Kuna Kiboko?

Likizo hii nimesoma vitabu vitatu, na kimoja kinanuka pamba. Sisemi ile pamba ya dukani ya kufutia vidonda. Nasema pamba yenyewe, iliyolala chumbani wiki tatu na vumbi lake na majani yake makavu, na ile dawa ya wadudu ambayo pua ikishaijua haiisahau. Nilipokifungua tu nilipiga chafya, na ile chafya ikanirudisha darasa la tano.

Vile viwili sina ugomvi navyo. Kimoja kina mpelelezi anayevuta sigara kila ukurasa. Muuaji nilimjua mapema, nikabaki nahofia mapafu ya mpelelezi. Cha pili ni cha mapenzi. Binti analia mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya kijana ambaye, kwa maelezo ya mwandishi mwenyewe, hana hata ng'ombe mmoja. Nilipomsimulia baba, aliniuliza swali analouliza kwa kila kitabu ninachoshika, miaka yote hii: "Humo kuna kiboko?" Nikamwambia hakuna. "Haya," akasema, akaendelea kunoa jembe. Nilishazoea. Nilidhani ni ule utani wa wazee usio na kichwa wala miguu.

Cha tatu ndicho hiki kinachonuka. Nilikikuta shule yetu ya msingi, nilikokwenda kuomba kitu cha kusoma, maana ukishakuwa kidato cha tatu mjini Bariadi walimu wako wa zamani hukupa chochote ilimradi uondoke. Katikati kina tundu linalopita kurasa zote, jalada hadi jalada. Tundu hilo nalijua. Nilikuwepo lilipotobolewa.

Enzi hizo wanunuzi binafsi ndiyo kwanza wameruhusiwa. Zamani pamba yote ilikwenda chama cha ushirika, watu wakapanga foleni na kusubiri. Sasa malori yalikuja yenyewe mpaka uani kwa mtu, na mizani yao juu. Nao wakulima wakapata akili mpya. Wapo waliotia mchanga kwenye magunia, wapo waliomwagia maji, na jirani yetu mmoja alitia tikiti zima. Ndiyo maana mnunuzi alitembea na kipande cha nondo, akichoma kila gunia kabla ya kulipima. Baba hakuwahi kukataliwa gunia. Hilo ndilo lilikuwa jina lake kijijini: Mzee Masanja wa pamba safi.

Kazi yangu ilikuwa kuchambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu ya daraja la pili, kule. Lakini Mwalimu Kulwa alikuwa ameniazima kitabu kwa siku tatu, na nawaambieni, hakuna kitanda cha kusomea kinachoshinda chumba kilichojaa pamba. Unazama mpaka mabegani. Mama akiita, unachomeka kitabu humo humo kwenye pamba, unaibuka na nyuzi kichwani kama mzee wa miaka themanini, unaitika kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Siku ya pili nilirudi kutoka shule nikakuta dada Nkwimba anajaza magunia. "Wewe mvivu, ingia ushindilie!" Kushindilia ni raha ya watoto wote wa Usukumani: unaingia ndani ya gunia lililoning'inizwa, unamwagiwa pamba, unarukaruka mpaka unatokea juu. Niliruka magunia matatu kwa nyimbo na mbwembwe. La tatu liliposhonwa ndipo nikakumbuka kitabu. Nilikuwa nimekishindilia mwenyewe, kwa miguu yangu miwili.

Sikusema. Nilijiambia nondo ni nyembamba na gunia ni pana.

Asubuhi lori likaja, na majirani nusu kijiji nyuma yake. Gunia la kwanza, nondo ikapita kama kwenye uji. La pili, ikagonga: ko!

Mnunuzi akachomoa, akachoma tena kwa nguvu zote. "Mzee, hapa kuna nini?"

"Pamba," baba akasema.

"Pamba haigongi. Hata wewe, Mzee Masanja? Basi kijiji hiki sinunui hata kilo."

Nilimwona baba akitazama mikono yake, kana kwamba imefanya jambo bila kumwambia. Miguu yangu ikataka kukimbia, mdomo ukawahi: "Ni kitabu!"

Watu wakacheka. Jirani wa tikiti alicheka kuliko wote. "Leo mawe yanaitwa vitabu!"

Baba hakucheka. Aliniangalia kidogo tu. "Ng'wana wane, mwanangu huyu, akisema ni kitabu, ni kitabu. Mwageni."

Wakakata uzi, wakamwaga gunia zima juu ya turubai. Pamba nyeupe, nyeupe, nyeupe, mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe, halafu pap! Kitabu, na tundu lake. Nilihema kama ng'ombe aliyefika lamboni.

"Kumbe ndiyo maana uchambuzi wako hauishi!" mama akapiga kelele.

Mnunuzi akakigeuza. "Ulikuwa unakisoma au unakilalia?"

"Soma," baba akaniamuru.

Nikasimama juu ya pamba, nikasoma nilipofikia, nikiruka herufi zilizokwenda na nondo: mama mwenye mtoto mgongoni, mto umefurika, ng'ambo ndiko kwao, maji yamemfika kiunoni. Mnunuzi akakaa kwenye gunia. Karani wake akaacha kalamu. Hapo hapo dereva akapiga honi, wakapima, wakaondoka.

Mchana ule baba alinipakia kwenye baiskeli tukarudishe kitabu. Njiani akauliza, "Yule mama, mwishowe alivuka?"

Nyie, sikuwa nimemaliza. Lakini nitamwambiaje hivyo mtu aliyemwaga gunia kwa neno langu? "Kiboko alimmeza," nikasema.

Baiskeli ikayumba. "Na mtoto?"

"Na mtoto."

Akakanyaga pedali mpaka shuleni. Aliingia kwa mwalimu kuomba radhi kwa lile tundu, akakaa humo muda mrefu mno kwa kosa dogo vile. Mimi nje nilishukuru tu kwamba fimbo haikuhusika.

Wiki hii nimekimaliza. Anavuka. Mtoto hata haamki usingizini. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu darasa la tano, nikafungua jalada la nyuma, penye karatasi ya majina ya walioazima. Langu lipo, limeandikwa vibaya. Chini yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea jembe: Masanja, na tarehe ya wiki ile ile.

Kumbe alijua. Siku chache tu baada ya kunitetea mbele ya nusu kijiji, alijua nilimdanganya, na adhabu yangu yote ikawa swali moja, kila kitabu, miaka yote.

Jioni nilimkuta zizini. Akakiona kitabu kwapani mwangu.

"Humo kuna kiboko?"

"Hakuna, baba. Hakuwahi kuwepo."

Alicheka mpaka akashika pembe ya ng'ombe asianguke. "Siku ile," akasema, "nusura nimlilie yule mama barabarani."

Nami nikacheka, nimepona.